Hewa Inaingilia Wapi

Kabla sijafungua boneti, Bi Twitike,
nijibu kama ungekuwa zahanati:
linaumwa saa ngapi?

Alfajiri, unasema. Isyonje, Julai,
majani ya viazi yameungua kwa baridi,
unapiga stata hadi taa za dashibodi zinasinzia.
Fundi wa Mwanjelwa kakuuzia hita plagi nne.
Wa Igawilo kakuuzia betri.
Wa tatu, simtaji, tunasali naye,
katikisa kichwa: injini imekufa,
anayo nyingine, milioni mbili na nusu,
inakuja kutoka Tunduma.

Maiti haipandi Mlima Nyoka
na mpunga wa Igurusi mgongoni.

Ipyana, washa.
Stata inazunguka, inazunguka,
moshi mweupe unachungulia kwenye ekzosi
kama mgeni aliyekosea mlango, unarudi ndani.
Ungekuwa mweusi ningeanza na nozeli.
Wa bluu, ningekupa pole mapema.
Huu ni wa dizeli iliyofika kiduchu, mbichi, ikakata.
Moshi hausemi uongo.
Mwenye gari, mara mojamoja.

Ila lililonisaidia ni neno ulilolidondosha
ukitafuta hela ya chai kwenye pochi:
"Jumapili tu ndiyo halinisumbui."
Jumapili?
"Kanisani naegesha kwenye mteremko. Pua chini."

Pua chini! Ningekukumbatia kama si hizi oili.
Tangi liko nyuma, mama. Pua ikiwa chini
dizeli inakuja yenyewe, haisubiri kuitwa.
Kwako pua inatazama mlima,
na usiku kucha, tone kwa tone,
mafuta yanarudi tangini kulala,
maana mahali fulani pana mlango
na hewa imeujua.

Huu ni mpira wa dripu. Zahanati walitaka kuutupa,
nikaomba, nikauosha mara tatu.
Nimeuunga kati ya chujio na pampu.
Inama. Ipyana, washa.
Unaziona? Punje, punje, nyingine punje,
zinapita kwenye dizeli kama dagaa kwenye maji machafu.
Ndiyo hewa hiyo. Pampu inatafuna, haimezi.

Sasa mimi chini, mgongo kwenye boksi,
nafuata bomba kwa vidole toka tangini:
nati, klipu, kutu, tope la kwenu lililokauka,
na hapa, juu ya ekseli,
kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli
kimefungwa kwa waya, mizunguko saba iliyolala sawa,
ncha imekunjwa ndani isije ikakata mtu.
Sisi mafundi hatukunji ncha.
"Nani alifunga hii?"

Kutoka chini naona viatu vyako tu.
Havikusogea.
"Asangalwisye. Tulikwama Makambako na kwaya nzima, mvua.
Alisema ni ya kutufikisha nyumbani."

Ya kufikisha nyumbani. Miaka sita,
na minne kati ya hiyo yeye yuko udongoni,
mpira ukiendelea kushika.
Umechoka juzi juzi tu. Ufa wenyewe
nimeupata kwa ukucha, jicho lilikuwa limeupita.

Nikasema ndaga,
kwa kuwa ndilo neno lililokuwa karibu.

Mpira mpya elfu nne, klipu mbili elfu moja,
ya ufundi ongea na moyo wako, usimsahau Ipyana.
Limewaka nusu mzunguko, likakohoa, likatulia
likinguruma ile ngurumo ya magari ya zamani
inayotikisa vikombe kwa mama lishe.

Nikanyoosha mkono kwenye pipa la matambara.
"Lete hapa," ukasema.
Kinanuka dizeli, mama. Kitakuchafulia kitenge.
Ukakitia kwenye kisanduku cha dashibodi
juu ya karatasi ya bima iliyokwisha,
ukafunga, kikafunguka, ukafunga tena kwa goti,
kisha ukaniuliza, usoni pakavu,
kama zile hita plagi nne
mtu anaweza kuzirudisha.